Seva Iliyosimama Ijumaa

Walipomtoa Bi Mwanahamisi kwenye tope, Jumapili saa moja na nusu asubuhi, wanawake wa Kwemhindu walianza kulia na wanaume wakaanza kutafuta mtu wa kumpiga. Inspekta Nasra Shekilaghe aliyasikia yote mawili akiwa bado anashuka mteremko, viatu mkononi, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa mpelelezi wa polisi Lushoto kwa miaka mingi, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa wake: hakukubali habari kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo.

Kilichotokea kilionekana wazi. Juu ya kijiji, upande wa Mlola, kulikuwa na ndiva, lile bwawa dogo la udongo ambalo wakulima hulijaza usiku na kulifungua alfajiri ili maji yapite kwa zamu kwenye kabichi na karoti. Mvua ya Jumamosi ililijaza kupita kiasi. Kabla hakujapambazuka kingo zikaachia, maji yakashuka na nyumba tatu. Wenye nyumba mbili walisikia ngurumo wakawahi kutoka. Bi Mwanahamisi alikuwa mzito wa masikio.

Nasra alipiga magoti kando ya maiti. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia palikuwa na kanga iliyofungwa mara mbili, na ndani ya kanga kulikuwa na mfuko wa plastiki uliopigwa fundo. Alifungua fundo lile kwa meno. Ndani mlikuwa na simu ndogo ya batani, kavu kabisa, ina chaji, imewekwa iite na kutetemeka kwa pamoja.

"Alilala nayo hivyo kila siku ya mvua," alisema mwanamke mmoja aliyesimama karibu. "Walitufundisha. Kwamba ndiva ikitaka kupasuka, simu italia. Yeye alisema hasikii, basi wakamwambia aifunge mkononi, itamtikisa."

Nasra alitafuta kwenye ujumbe. Wa mwisho ulikuwa wa mjukuu wake, Ijumaa, akimsalimia. Hakukuwa na onyo lolote. Aliwauliza watu wengine sita watoe simu zao, na zote zilikuwa vilevile.

Wakati huo wanaume walikuwa wameshampata mtu wao. Walimburuta Mzee Hashimu, mlinzi wa ndiva, kofia imemtoka, shati limechanika begani.

"Alilala, afande! Kazi yake kukesha, yeye kalala na mkewe!"

Nasra alijipenyeza katikati yao. "Anayemgusa tena naondoka naye. Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Hashimu.

"Ulilala wapi jana?"

"Nyumbani." Aliwatazama wale waliomshika. "Na hawa wote wanajua kwa nini. Miaka yote, masika yakianza, nililala kibandani kule juu na pembe yangu. Maji yakizidi napiga pembe na kufungua mlango wa maji. Wakaja watu wa kompyuta kutoka mjini. Wakatia chuma chao majini, wakasema maji yakipita alama, bonde zima litaambiwa kwa simu. Mkutano wa kijiji ukaamua mlinzi akalale nyumbani kama watu. Ni mimi, Hashimu Mbaraka, niliyeamua? Au mliinua mikono nyinyi?"

Mmoja wao alimwokotea kofia yake, akaipangusa kwenye suruali kabla ya kumrudishia. Nasra akapanda tena mteremko, sasa akijua anakokwenda.

*

Ofisi ya Chemchemi Mifumo ilikuwa nyumba ya zamani yenye paa la mabati mekundu, hatua chache kutoka sokoni Lushoto. Jumatatu saa tatu asubuhi Nasra alikuta watu watatu wakimngoja. Benjamini Shemhina, mkuu wa ofisi, mwanamume nadhifu wa miaka arobaini hivi, alikuwa amevaa tai nyeusi. Mussa, mtunza mitambo, alikuwa amekaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kukimbia. Wa tatu alikuwa binti mwembamba mwenye macho yaliyovimba, begi la safari bado liko miguuni pake. Huyo ndiye Loveness, mwandishi wa programu.

"Nielezeni kama mnavyomweleza mtu wa soko," alisema Nasra. "Na msinifiche kwenye Kiingereza."

Benjamini alitabasamu kwa adabu. "Kuna seva, afande. Ni programu inayokaa macho muda wote, inapokea habari kutoka kwenye vile vyuma vya ndiva na kutuma ujumbe kwa wananchi. Seva halisi iko Dar es Salaam. Sisi hapa tunaiandikia matoleo mapya. Kabla toleo jipya halijaruhusiwa kwenda Dar, linajaribiwa."

"Nani analijaribu?"

"Hakuna mtu. Inajijaribu yenyewe," alidakia Mussa, akaonekana kujuta kwamba amesema.

Loveness ndiye aliyeeleza, kwa sauti ya chini, bila kuinua macho. Walikuwa na chombo walichokibatiza jina la Mjenzi. Kila siku alfajiri, na kila umeme ukirudi baada ya kukatika, Mjenzi alichukua maandishi mapya ya programu, akaisimamisha seva ya majaribio kwenye mashine ya pale ofisini, akaipangia kila kitu kulingana na faili la mipangilio: isikilize kwenye mlango namba ngapi wa mashine, itume ujumbe kwa njia gani. Kisha akaijaribu. Alijifanya ndiva imejaa, akangoja aone kama ujumbe unatoka. Ukitoka, ripoti ilikuwa ya kijani. Usipotoka, nyekundu. Akimaliza anaibomoa seva ile, kesho anaanza upya.

"Na wiki iliyopita?"

"Kijani siku zote," alisema Benjamini. "Kwa hiyo Ijumaa jioni niliruhusu toleo jipya liende. Mbele ya wageni, watu wa shirika wanaotufadhili. Nilifuata utaratibu, afande."

"Lakini ujumbe haukutoka."

"Haukutoka," alikubali, na akamgeukia Loveness kwa huruma. "Mweleze, dada. Ni afadhali useme wewe."

Binti aliinua macho. "Ni mimi, afande. Mimi ndiye niliyemuua yule bibi."

Mussa aliinamisha kichwa. Nasra alivuta kiti akakaa. "Taratibu. Ulifanya nini?"

"Mashine zetu ni nzito. Kusimamisha seva kunachukua muda. Kwa hiyo tangu mwaka jana niliweka kwenye mipangilio kwamba Mjenzi akikuta tayari kuna seva imesimama kwenye mlango ule, asisimamishe nyingine, aitumie hiyohiyo na asiibomoe. Wote tulifurahi, kazi ikawa nyepesi. Sasa Jumanne iliyopita nilikuwa nalinganisha toleo la zamani na jipya. Nikasimamisha la zamani. Mchana nikapigiwa simu, baba mdogo amefariki kule Amani. Nikabeba begi nikaondoka." Machozi yalianza kumtiririka. "Sikuibomoa. Niliisahau imesimama mlangoni. Mjenzi kila siku alikuwa anaijaribu ile ya zamani, nzima, na kutoa kijani. Jipya halikujaribiwa hata mara moja. Na lilikuwa bovu."

Nasra alilifikiria hilo. "Kwa hiyo mwonjaji alikuwa anaonja sufuria ya jana, na wageni wakapakuliwa ya leo."

"Ndivyo, afande."

"Iko wapi hiyo ya zamani?"

Mussa aliinuka, akabonyeza hapa na pale, akageuza kioo. "Bado imesimama. Hatujaigusa, kaka Ben alisema tusiharibu ushahidi."

"Inaweza kuguswa kutoka nje? Mtu akiwa kwao?"

"Hapana. Mashine hii haifikiwi na mtu wa nje. Lazima ukae kwenye kiti hiki. Ufunguo wa ofisi tunao sisi watatu tu."

"Na kwa nini mlitaka toleo jipya, kama la zamani lilikuwa zima?"

"La zamani lilikuwa na usumbufu," alisema Loveness. "Kila ukilisimamisha, kampuni inayopeleka ujumbe inatuma namba ya uthibitisho kwa mwenye akaunti, yaani kaka Ben. Mpaka uiandike ndipo inafanya kazi. Jumanne alinisomea namba mwenyewe. Fikiria umeme ukatike usiku wa mvua na yeye amelala! Jipya linatumia ufunguo wa kudumu, linajisimamisha. Kumbe ule ufunguo kampuni haikuukubali, na sikujua kwa sababu..." Hakumaliza.

Nasra alimkamata Loveness saa tano. Kukiri alishakiri, na kule bondeni watu walishalijua jina lake. Simu ya mkuu wa polisi wa wilaya ikaingia kabla hawajafika kituoni.

"Nimesikia amekiri. Safi sana. Jalada liwe kwa mwendesha mashtaka kesho jioni, keshokutwa binti yuko mahakamani. Wananchi wanataka jibu."

"Ndiyo, mkuu," alisema Nasra, na moyo wake ukagoma.

*

Jioni hiyo Benjamini alifika kituoni na chupa ya chai na mkate. Nasra alikuwa kwenye chumba cha pili, mlango umeegeshwa, na hakuona sababu ya kuziba masikio.

"Kula, dada. Nimeongea na wakili. Anasema ukikubali moja kwa moja, bila kuzungusha maneno, mahakama inakuwa na huruma."

"Kaka Ben, nina hakika niliibomoa mara nyingine zote. Ile Jumanne najaribu kukumbuka, nashindwa."

"Uliiacha. Nani mwingine? Usijitese kwa kutafuta pa kutokea. Mungu husamehe."

"Asante, kaka."

Nasra alisikia mlio wa kikombe kikiwekwa sakafuni, kisha kwikwi za mtu anayekula huku analia. Yapo maneno mema ambayo humwacha msikilizaji na ladha ya shubiri, na haya yalikuwa hivyo. Hakujua kwa nini. Alifunga jalada akaenda nyumbani.

Nyumbani alikuta dada yake, Rahma, amefungua friji milango yote na anaisugua kwa maji ya moto na ndimu.

"Harufu haitoki," alilalamika Rahma. "Kilo mbili za nyama, Nasra! Nilikwambia tuikaushe."

"Nyama ipi?"

"Unaishi dunia gani wewe? Si umeme ulikatika Alhamisi jioni na ile radi, ukarudi Ijumaa saa sita mchana? Mji mzima ulikaa gizani."

Nasra alibaki amesimama na mkoba begani. Akamwomba Rahma arudie, na Rahma akarudia kwa hasira zaidi, akidhani anataniwa.

Umeme ulikatika Alhamisi. Seva iliyosahauliwa Jumanne ilikuwa kwenye mashine, na mashine ilikuwa imechomekwa ukutani kama friji ya Rahma.

*

Jumanne saa mbili kamili alimkuta Mussa akifungua ofisi.

"Umeme ukikatika, mashine yenu inadumu muda gani?"

"Kuna betri. Nusu saa, afande. Ikijitahidi sana, dakika arobaini."

"Na ikizimika, seva iliyokuwa imesimama inakuwaje?"

"Inakufa. Mashine inajiwasha umeme ukirudi, lakini seva haijifufui, mpaka..." Mussa aliuachia ufunguo mlangoni. "Mpaka mtu aisimamishe."

"Jana ulikuwa na mdomo. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa!" Sauti ilimpanda. "Ijumaa nilirudi kutoka msikitini nikakuta ripoti ya kijani. Nikasema labda betri imetustahi. Jana ndipo nilipoanza kuwaza, na nikaona wazo langu linanifikisha wapi. Loveness yuko Amani. Wenye funguo tumebaki wawili. Kaka Ben yuko mgahawani Irente na wageni tangu asubuhi. Amebaki nani, afande? Mussa!"

"Ulitoka hapa saa ngapi Ijumaa?"

"Saa sita kasoro, kabla umeme haujarudi. Nilifunga mlango. Baada ya swala tulimzika mzee mmoja wa mtaani kwetu, nimerudi hapa saa tisa. Muulize imamu, nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza."

Nasra aliuliza. Imamu alithibitisha, tena akaongeza kwamba Mussa aliteleza kaburini na kila mtu alimwona. Kwa simu alimpata mchungaji wa kule Amani, naye akasema Loveness alikuwa msibani tangu Jumanne usiku hadi Jumapili mchana. Ijumaa saa saba alikuwa jikoni na shangazi zake, anapika makande ya watu mia.

Basi akapanda Irente.

Alipofika, jua lilikuwa limetoka kidogo na bonde lote la chini lilikuwa jeupe kwa ukungu. Janeth, mama wa makamo aliyewaandalia wageni chakula siku ile, aliwakumbuka vizuri.

"Wazungu wanne na mwenyeji wao, yule baba wa tai. Waliagiza mkate wa ngano nzima, jibini na saladi."

"Mwenyeji wao alikula nao?"

"Hakula. Tulikuwa tumeweka meza, umeme ndiyo kwanza umerudi, akatazama simu yake akashtuka kama aliyeumwa na siafu. Akasema anakwenda kupokea simu. Nikamwona kwa dirisha la jikoni anaparamia bodaboda. Wageni wamekula, wamemaliza, wako kwenye kahawa, ndiyo anarudi. Anahema. Jibini yake nilimfunikia."

"Aliporudi alifanya nini?"

"Alicheka sana," alisema Janeth. "Akawaonyesha kitu kwenye simu, wakapiga makofi."

*

Saa tisa alasiri, Nasra aliwakusanya ofisini. Loveness aliletwa kutoka mahabusu na konstebo mmoja. Alikaa mbali na meza, mikono mapajani, hamtazami mtu. Nje wingu zito lilikuwa limeshakaa juu ya milima.

"Nilidhani jalada limefungwa," alisema Benjamini.

"Lina jani moja limebaki. Mussa, zima umeme."

"Mashine?"

"Nyumba nzima. Na betri ichomoe."

"Afande, huo ni ushahidi!" Benjamini aliinuka.

"Kaa, bwana Shemhina. Ushahidi uko hapa hapa."

Swichi kuu ilishuka kwa mlio mkavu. Kioo kikawa cheusi, feni ikanyamaza. Nasra akangoja kidogo, kisha akaamuru umeme urudishwe. Mashine ikaamka taratibu.

"Seva ya zamani iko wapi sasa?"

"Imekufa," alisema Mussa.

"Mwite Mjenzi afanye kazi yake."

Walitazama mistari ikipanda kwenye kioo. Mjenzi alikwenda mlangoni, hakukuta mtu. Akasimamisha seva mpya, akaipangia mambo yake, akatia toleo jipya ndani. Akajifanya ndiva imejaa. Akangoja. Loveness alikuwa ameinuka bila kujitambua, amekuja hadi nyuma ya kiti cha Mussa. Kioo kikageuka chekundu.

"Hivi ndivyo ilivyopaswa kuwa Ijumaa saa sita mchana, umeme uliporudi," alisema Nasra. "Na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Ripoti nyekundu ilikwenda kwenye simu ya mkuu wa ofisi, kama zinavyokwenda zote, bila mlio. Lakini nyinyi wote mnasema Ijumaa mlikuwa na kijani. Seva ya Jumanne ilikuwa imekufa tangu Alhamisi jioni. Kwa hiyo kuna mtu aliyekaa kwenye kiti hiki Ijumaa mchana, akaifufua."

Loveness alisogelea kioo. "Haikuwa yangu?" aliuliza kwa sauti ya mtoto.

"Yako ilikufa na radi, binti. Mussa, isimamishe ile ya zamani. Fanya kama alivyofanya yule mtu."

Mussa alibonyeza batani. Kioo kikaandika maneno machache kisha kikasimama, kinangoja. "Inaomba namba ya uthibitisho," alisema.

Nasra hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akimtazama Benjamini, na aliona mkono wa kulia wa mtu yule ukipanda kufunika mfuko wa shati kabla hakijasikika chochote. Kisha simu ikalia ndani ya mfuko, mlio mfupi wa furaha.

"Pokea," alisema Nasra. "Au tusome sote. Ni namba tu."

Benjamini hakuitoa.

"Ijumaa nayo ililia hivyo. Ulikuwa wapi?"

"Irente. Na wageni. Mussa alinipigia nikamsomea namba."

"Muongo!" Mussa aliruka kutoka kitini. "Kaka Ben, nilikuwa makaburini! Simu niliiacha nyumbani!"

"Irente wanakumbuka ulivyoiacha meza," alisema Nasra. "Waliifunika jibini yako. Kijana wa bodaboda uliyempanda tutampata leo, na kampuni ya ujumbe itaniambia namba hiyo ilitumwa dakika ipi. Unaweza kungoja yote hayo, au unaweza kusema mbele ya mtu uliyemfundisha kujichukia."

Benjamini aliilegeza tai yake. Aliposema, hakumsemesha Nasra, alimsemesha Loveness.

"Walikuwa wamekuja kuamua. Kama wangeona nyekundu siku ile, mradi ungehamia Arusha, na ofisi hii ingefungwa. Miaka sita, Loveness. Nilikuta nyekundu mezani, chakula kinawekwa. Nilijua ukirudi utaitengeneza kwa siku moja. Nilitaka tupite Ijumaa, basi."

"Kupita Ijumaa ningekuelewa," alisema Nasra. "Lakini jioni uliliruhusu jipya liende. Ulijua ni bovu."

"Waliomba waone likienda. Nimeshawaonyesha kijani, nitakataa kwa kisingizio gani?" Alijifuta uso. "Masika yalikuwa yanaisha. Nilisema Jumatatu nitalirudisha la zamani kimyakimya. Jumamosi ikanyesha."

"Na Jumapili, uliposikia?"

"Nilikuja kuibomoa. Nikaiona pale, imesimama. Nikakumbuka kwamba na yeye aliiacha Jumanne." Sauti ilimfifia. "Alikuwa ameshaanza kujilaumu mwenyewe kwenye simu. Sikumlazimisha."

Loveness alimsogelea. Konstebo akataka kumzuia, Nasra akamwashiria amwache. Binti alisimama mbele ya meza, amekunja ngumi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alikuwa amekasirika.

"Usiku mzima niliongea na yule bibi," alisema. "Nilimwomba radhi mpaka sauti ikakauka. Wewe ulinijia ukaniambia Mungu husamehe. Ulikuwa unamzungumzia nani?"

Konstebo alimfunga Benjamini pingu, akamtoa kupitia mlango wa mbele, mbele ya wauza parachichi na waendesha bodaboda waliokwisha kujaa barabarani.

Nasra alikuwa akikusanya karatasi zake. "Uko huru. Nenda nyumbani ukalale."

Lakini Loveness alikuwa amegeukia dirisha. Matone makubwa yalianza kupiga mabati.

"Mussa," alisema, "lile toleo jipya, kule Dar, limeshaondolewa?"

Mussa alitikisa kichwa. "Kaka Ben alisema tusiguse kitu."

"Kwa hiyo ndiva zote hazina onyo mpaka sasa hivi."

Alishakaa kitini. Alifungua faili la mipangilio, akaufuta ule mstari wake wa mwaka jana, wa kutumia seva iliyokutwa mlangoni, kisha akaanza kuandika haraka. "Nitalirudisha la zamani, lakini litachukua saa nzima, labda zaidi. Pale Kwemhindu kuna ndiva ya pili, ya chini. Ile ya juu ilipopasuka, maji yote yalikwenda wapi, afande?"

Nasra alikuwa ameshampigia simu Mzee Hashimu. Ilipokewa mara ya nne, na nyuma ya sauti ya mzee kulikuwa na mvua kubwa kuliko ya mjini. Alimsalimia kwa Kishambaa, akamwambia kwa ufupi: mashine haioni, aende kwenye ndiva ya chini sasa hivi, afungue maji.

"Nikiyafungua sasa, kabichi za watu zinakwenda," alisema Hashimu. "Safari hii wataniua kweli. Nani kasema nifungue?"

"Loveness."

"Yule binti mliyemfunga?"

"Tumemfungua. Hakuwa yeye, mzee. Tulikosea."

"Mpe simu."

Nasra alimwekea sikioni, maana mikono ya binti ilikuwa kazini. Ikaacha kuandika. Loveness alifumba macho kama mtu anayengoja kofi.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, mwanangu," alisema Hashimu. "Nifungue nusu, au yote?"

"Yote, baba."